Mwambutsa IV: Mfalme aliyekataa mifupa yake irudi nyumbani

KILA mwaka ifikapo Julai Mosi, wanafunzi wangu hapa Cibitoke huandamana na kuimba kukumbuka uhuru wa mwaka 1962. Nikiwauliza nani alikuwa mkuu wa nchi siku ile bendera ya Ubelgiji iliposhushwa, wengi hujibu kwa haraka kwamba ni Mwanamfalme Louis Rwagasore. Huwa nawaambia wamekosa. Siku ile Rwagasore alikuwa na miezi minane na ushee kaburini. Mkuu wa nchi alikuwa baba yake, Mwami Mwambutsa wa Nne, aliyezaliwa kwa jina la Bangiricenge.

Siwalaumu watoto. Hata mimi, niliyezaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, Tanzania, nilisoma habari za Mkwawa, Kinjekitile na Mirambo kabla sijamjua mfalme wa nchi ya wazazi wangu. Jina la Rwagasore nililisikia kwa wazee jioni. Jina la Mwambutsa lilitajwa kwa sauti ya chini, kama la mzee wa ukoo aliyeondoka nyumbani bila kuaga.

Leo napenda tumzungumzie mtu huyo. Alitawala zaidi ya miaka 50, akafa ugenini, na miaka 35 baada ya kufa akafukuliwa na kuwa kesi mahakamani. Kwa sisi tuliorudi, na kwa wale ambao maisha yao ni kuvuka mpaka asubuhi na kurudi jioni, kisa chake si cha mbali.

Tuanze na ukoo. Wafalme wa Burundi hujihesabu kutoka kwa Ntare Rushatsi, na majina ya utawala yalikuwa manne yanayozunguka kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa. Watoto wa mfalme na wajukuu zake waliitwa Baganwa. Hawakuhesabiwa kuwa Wahutu wala Watutsi, bali kundi la peke yao, kama makabaila wa Ulaya walivyojitenga na raia wao. Kila mfalme aliacha tawi lake. Waliotoka kwa Ntare waliitwa Batare, na waliotoka kwa Mwezi waliitwa Bezi. Matawi hayo mawili yaligombea ardhi na utemi kwa vizazi, na ugomvi huo ndio utakaomgharimu Mwambutsa mtoto wake.

Babu yake alikuwa Mwezi Gisabo, mzee aliyewasumbua Wajerumani. Alipigana nao mpaka mwaka 1903, alipokubali kuweka amani Kiganda na kutozwa faini ya ng'ombe 424. Alifariki mwaka 1908. Mwanawe, Mutaga wa Nne Mbikije, alitawala miaka saba tu. Alipofariki mwishoni mwa mwaka 1915, ngoma takatifu ya Karyenda ikahamia kwa mtoto wa miaka mitatu. Huyo ndiye Mwambutsa.

Mtoto wa miaka mitatu hatawali. Walioshika nchi kwa niaba yake walikuwa bibi yake, Ndirikumutima, pamoja na wakubwa wa ukoo kama Ntarugera na Nduwumwe. Mwaka uliofuata, 1916, Wajerumani walifukuzwa katika Vita Kuu ya Kwanza na Wabelgiji wakaingia. Kwa hiyo mfalme huyu hakuwahi kuijua Burundi isiyo na Mzungu juu yake, mpaka alipofikisha miaka 50.

Mwaka 1929 alitangazwa kuwa mtu mzima na kukabidhiwa madaraka. Lakini madaraka gani? Wabelgiji walikuwa wakiipanga nchi upya wapendavyo. Mwaka huo huo Burundi ilikuwa na himaya za machifu 133. Kati ya hizo, 76 zilikuwa chini ya Baganwa, 30 chini ya Watutsi na 27 chini ya Wahutu. Kufikia mwaka 1945 hakubaki chifu Mhutu hata mmoja. Mfalme alikuwepo, jina lake lilitajwa katika amri, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwa Mbelgiji. Mwalimu yeyote wa historia anayetafuta mzizi wa balaa zetu asipite haraka kwenye hesabu hiyo.

Mwambutsa hakuwa mtu wa kugombana. Aliona jinsi Yuhi Musinga, mfalme wa Rwanda, alivyovuliwa kiti na Wabelgiji mwaka 1931 kwa sababu ya ukaidi. Yeye akachagua kunyamaza na kudumu. Alipenda magari, alipenda muziki, alipenda usiku wa mjini, na watu walimsema kwa hayo. Wengine walimwona mfalme wa anasa. Wengine waliona kwamba kunyamaza kwake ndiko kulikokiokoa kiti. Mimi naona wote wana haki kiasi.

Mwishoni mwa mwaka 1930 alimwoa Thérèse Kanyonga. Walizaa watoto watatu: Rosa Paula Iribagiza, Louis Rwagasore na Regina Kanyange. Ndoa hiyo ilivunjika, akaoa mke wa pili, Baramparaye, aliyemzalia Charles Ndizeye mwaka 1947. Tuyakumbuke majina hayo, maana ndiyo yaliyobeba yote yaliyofuata.

Rwagasore alizaliwa mwaka 1932. Alisoma Ubelgiji, akarudi na mawazo ambayo baba yake hakuthubutu kuyasema hadharani. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara, na waliomkaribisha mapema walikuwa Waswahili wa hapa mjini, hasa wa Buyenzi. Wafanyabiashara wetu wa leo wakumbuke hilo: siasa ya uhuru wa nchi hii ilipita dukani na sokoni kabla ya kufika bungeni. Chama chake cha UPRONA kilipata msaada kutoka kwa Julius Nyerere na TANU. Mwaka 1959 alimwoa Marie-Rose Ntamikevyo, binti wa Kihutu, na watu wakaelewa anachomaanisha anaposema umoja.

Wabelgiji walimweka kizuizini mwishoni mwa mwaka 1960. Haikusaidia. Tarehe 18 Septemba 1961, UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64, na Rwagasore akawa waziri mkuu. Wiki chache baadaye, tarehe 13 Oktoba, alipigwa risasi akiwa kwenye hoteli moja kando ya Ziwa Tanganyika. Aliyefyatua alikuwa Mgiriki, Jean Kageorgis. Waliopatikana na hatia ya kupanga walikuwa watoto wa chifu Pierre Baranyanka, wa tawi la Batare, na wenzao. Kageorgis aliuawa siku moja kabla ya uhuru. Jean-Baptiste Ntitendereza na ndugu yake Joseph Birori walinyongwa pamoja na wenzao Gitega, Januari 1963. Mkono wa Wabelgiji katika njama hiyo unajadiliwa hadi leo.

Baba alimzika mwana kwenye kilima cha Vugizo, juu ya jiji. Rwagasore alikuwa amepata mabinti wawili na wote walikufa wachanga. Kwa hiyo mtu ambaye jina lake lipo katika kila mtaa wa nchi hii hakuacha uzao.

Hapo ndipo maisha ya Mwambutsa yalipogeuka. Mtu aliyezoea kunyamaza chini ya Mbelgiji sasa alitakiwa kutawala kweli, na mtu wa kumsaidia hakuwepo. Alimteua mkwewe, André Muhirwa, kuwa waziri mkuu, kisha akawabadilisha mawaziri wakuu mara kwa mara, leo Mhutu, kesho Mtutsi, akidhani mizani itakaa sawa. Januari 1965 alimteua Pierre Ngendandumwe, Mhutu. Siku nane baadaye, Ngendandumwe aliuawa kwa risasi mjini Bujumbura.

Mei mwaka huo uchaguzi ulifanyika na Wahutu wakapata viti 23 kati ya 33. Hapa, kwa maoni yangu, mfalme alifanya kosa kubwa kuliko yote. Badala ya kumpa nafasi mtu aliyetokana na kura hizo, alimteua Léopold Biha, Muganwa wa karibu na ikulu. Mwezi Oktoba maofisa Wahutu wa jeshi na jandarmeri wakajaribu kumpindua. Ikulu ilishambuliwa usiku, Biha akajeruhiwa vibaya, na mapinduzi yakashindwa. Kulipizwa kisasi kulikofuata kulimaliza viongozi wengi wa Kihutu, wakiwemo waliokuwa wamechaguliwa miezi mitano tu nyuma.

Mfalme alivuka mpaka na kuingia Kongo, na Novemba 1965 akaenda Ulaya. Hakuikanyaga tena Burundi.

Wasomaji wetu wanajua maana ya kuvuka. Unafunga nyumba ukijiambia ni wiki mbili. Mwambutsa alijaribu kuitawala nchi kutoka Uswisi, na Machi 1966 akamkabidhi mwanawe Charles baadhi ya madaraka. Julai 8 mwaka huo, kijana huyo wa miaka 18, akisukumwa na maofisa wa jeshi, akamtangaza baba yake kuwa si mfalme tena. Septemba akatawazwa kuwa Ntare wa Tano. Hakudumu miezi mitatu. Tarehe 28 Novemba 1966, akiwa Kinshasa kwa mwaliko wa Mobutu, waziri mkuu wake, Kapteni Michel Micombero, alitangaza jamhuri. Baba na mwana wakawa wakimbizi wote wawili, na aliyempindua mwenzake akapinduliwa.

Sasa nafika mahali ambapo historia ya ukoo huo inagusana na ya kwangu.

Machi 1972, Ntare wa Tano alirudi Burundi kutoka Uganda, baada ya serikali ya Idi Amin kupewa ahadi kwamba hatadhurika. Alifungiwa Gitega. Usiku wa tarehe 29 Aprili aliuawa, akiwa na miaka 24, na hakupewa kaburi ambalo watu wangeweza kulitembelea. Siku hiyo hiyo uasi ulilipuka kusini, upande wa Rumonge, ambako raia wengi, hasa Watutsi, waliuawa. Baadaye serikali ikaanza kuwakamata na kuwaua Wahutu, hasa waliosoma, nchi nzima. Waliokufa katika miezi hiyo wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu yasiyopungua kumi. Baba yangu alikuwa na cheti cha shule na baiskeli. Vilitosha kumfanya atafutwe. Akavuka ziwa usiku na mama, wakafika Kigoma, na baadaye wakapelekwa Ulyankulu.

Kwa hiyo mwezi ule mtoto wa mfalme na watoto wa wakulima walipotea pamoja. Huko Uswisi, mzee Mwambutsa alikuwa ameshawapoteza wana wawili, mmoja mikononi mwa Mgiriki aliyetumwa, wa pili mikononi mwa serikali ya nchi yake mwenyewe. Tukitaka kuelewa alichokiandika baadaye, tuanzie hapo.

Mwambutsa alifariki Uswisi mwaka 1977, akiwa na karibu miaka 65. Alizikwa Meyrin, jirani na uwanja wa ndege wa Geneva. Zamani wafalme wa Burundi walizikwa kwenye vilima vya Nkiko-Mugamba, Kayanza, na kulikuwa na watu maalumu wa kulinda makaburi yao. Yeye alilindwa na uzio wa makaburi ya manispaa. Na katika wasia wake aliacha neno moja zito: mwili wake usirudishwe Burundi.

Miaka 35 ikapita. Mwaka 2012, nchi ilipojiandaa kusherehekea miaka 50 ya uhuru, serikali ya Burundi iliomba mabaki ya mfalme yarudi azikwe kwa heshima. Binti yake, Rosa Paula Iribagiza, alikubali. Kaburi likafukuliwa. Lakini Esther Kamatari akapinga. Huyu ni binti wa Ignace Kamatari, mdogo wa mfalme, aliyeuawa mwaka 1964. Aliondoka Burundi akiwa kijana, akawa mwanamitindo maarufu Ufaransa, na baadaye akaingia siasa akitaka ufalme wa kikatiba urudi. Msingi wa hoja yake ulikuwa wasia.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Upande mmoja mtoto wa kumzaa, anayetaka baba alale kwao. Upande wa pili mtoto wa ndugu, anayetaka neno la marehemu liheshimiwe. Wote wawili wamefiwa kwa risasi za nchi hii. Kesi ilipanda ngazi za mahakama za Uswisi, na muda wote huo mwili ulihifadhiwa Geneva, haumo kaburini wala haumo nyumbani. Mwishowe mahakama ikaamua kwamba neno la marehemu ndilo lifuatwe. Mwaka 2017 Mwambutsa akazikwa tena Meyrin.

Mwaka huo huo, jirani zetu walipata hukumu tofauti. Kigeli wa Tano Ndahindurwa, mfalme wa mwisho wa Rwanda, alifariki Marekani Oktoba 2016. Huko nako ndugu na watu wake wa karibu walivutana mahakamani, na ndugu waliotaka arudi ndio walioshinda. Januari 2017 akazikwa Mwima, Nyanza, kando ya kaka yake Mutara Rudahigwa, ambaye naye alifia hapa hapa Bujumbura mwaka 1959. Kabaka Mutesa wa Pili alifariki London mwaka 1969 na akarudishwa Buganda mwaka 1971. Sultani Jamshid wa Zanzibar, aliyekimbia mwaka 1964, aliruhusiwa kuhamia Oman, nchi ya mababu zake, mwaka 2020, akafariki huko mwishoni mwa 2024 bila kurudi Unguja. Hakuna kanuni moja.

Nisingeandika haya yote kama suala hili lisingefika mezani kwetu.

Baba yangu alifariki Ulyankulu mwaka 1999. Mimi nilirudi mwaka 2008, wakati wakimbizi wa 1972 walipopewa kuchagua kati ya kurudi na kuomba uraia wa Tanzania. Wengi walibaki, na zaidi ya 160,000 walipata uraia. Niliporudi, nilikuta itongo letu kule kusini lina watu. Hawakuwa wezi. Baba wa familia ile alionyeshwa shamba na wakubwa wa wakati ule, akajenga, akazaa, akazika wazazi wake pale. Makaburi mawili yalikuwa chini ya mti ambao mama aliniambia ulipandwa na babu yangu.

Baba mdogo, aliyebaki nchini miaka yote, alikuwa na shauri. Twende Ulyankulu, tumfukue kaka yake, tuje tumzike pale shambani. Kwetu kaburi ni ushahidi kuliko karatasi. Mwenye kaburi kilimani hafukuzwi. Shangazi naye alilia akisema kaka yake hawezi kulala kwenye ardhi ya watu milele.

Tatizo ni kwamba baba alikuwa amesema. Wiki zake za mwisho aliniambia mimi na mama kwamba tukirudi turudi sisi, yeye tumwache. Alisema ardhi ya Ulyankulu ilimpokea hana kitu, ikamlisha miaka 27, na hataki kuihama usiku kama alivyoihama ile ya kwanza. Baba mdogo alisema maneno ya mgonjwa si wasia. Tulinuniana karibu mwaka mzima.

Wakati huo sikujua habari za wasia wa Mwambutsa. Nilipozisikia mwaka 2012 kwenye redio, nilikaa kimya muda mrefu. Niliona kwamba serikali, binti wa mfalme na baba mdogo walikuwa wakitafuta kitu kinachofanana. Kila mmoja alimpenda marehemu kwa namna yake, lakini kila mmoja pia alikuwa na haja na mifupa yake. Mmoja ya sherehe, mwingine ya faraja, mwingine ya shamba. Marehemu mwenyewe ndiye aliyekuwa hana haja tena isipokuwa ile aliyoitamka akiwa hai.

Sisi hatukwenda Ulyankulu kufukua. Tuliketi na yule mzee wa shambani mbele ya wazee wa kilima, siku tatu. Tukagawana itongo nusu kwa nusu, makaburi yake yakabaki upande wake na mti ukabaki mpakani. Wapo ndugu wanaosema nimepoteza haki ya baba. Huenda. Lakini tunasalimiana, na watoto wake na wa baba mdogo wanachota maji kisima kimoja. Baba mdogo mwenyewe alikuja Cibitoke mwaka uliofuata, akala, akalala, hatukulizungumza tena.

Sisemi kwamba anayewarudisha wafu wake amekosea. Wapo marafiki zangu waliowaleta wazazi wao kutoka Katumba na Mishamo, na wakapata amani. Wafu wao waliomba hivyo. Nasema tu kwamba kabla ya kukodi gari na kubeba majembe, tuulize marehemu alitaka nini, na sisi tunataka nini, na tusiyachanganye hayo mawili.

Wanafunzi wangu sasa nawafundisha kwamba Burundi ya uhuru ilikuwa na mfalme, kwamba alikosea mambo makubwa na akalipa mambo makubwa, na kwamba amelala Meyrin kwa hiari yake. Mwaka jana mtoto mmoja aliniuliza kama mfalme huyo naye ahesabiwe kuwa mkimbizi kama babu yake. Nilimjibu kwamba ndiyo, ahesabiwe.